Kwa Mnaoanza Kazi ya Bustani na Huduma za Mitaa Nakuru

Dada zangu na ndugu zangu mnaoripoti kazini, karibuni. Ukishavaa jaketi la kaunti, kila mkazi utakayekutana naye atakuona wewe ndiwe serikali. Mama mboga wa Kaptembwo hatauliza kama wewe ni wa bustani, wa taka au wa taa. Atakwambia mtaro umeziba, mti umelalia nyaya za stima, na taa ndefu ya mulika mwizi ya kona ile imezima. Msikilize mpaka amalize, kisha uandike.

Lakini kuandika hakutamsaidia kama hujui pa kupeleka ulichoandika. Kwa hiyo kabla hujajua majina ya maua, jifunze mipaka ya kazi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti bustani na viwanja vya burudani, uzoaji taka, makaburi, masoko na taa za barabarani. Nyayo Gardens iko mikononi mwetu. Msitu wa Menengai ni wa Huduma ya Misitu, na mbuga ya Ziwa Nakuru ni ya KWS, yaani Huduma ya Wanyamapori. Mti uliogusa nyaya usikatwe tawi hata moja kabla watu wa Kenya Power hawajafika, kwa maana stima haina huruma. Bomba la maji likipasuka, ita NAWASSCO, kampuni ya maji ya Nakuru. Usimwambie mkazi "hiyo si yetu" ukaenda zako. Mwelekeze ofisi inayohusika, na ukiweza piga simu hapo hapo akisikia.

Unapoandika, weka tarehe, nambari ya simu ya mkazi, na mahali penyewe. "Karibu na kanisa" haisaidii fundi yeyote katika mtaa wenye makanisa kila kona.

Viwanja vya wazi ndivyo vinavyoninyima usingizi, na ningependa viwanyime ninyi pia. Ardhi ya umma ya kaunti hushikiliwa kwa niaba ya wakazi wake, na anayeisimamia kisheria ni Tume ya Taifa ya Ardhi. Hayo ni maandishi. Huku mtaani, kiwanja kisicho na watu hualika mnyakuzi. Anaanza kidogo: lori la mchanga, mawe machache, halafu mabati. Mara nyingi huanza Ijumaa jioni ofisi zikishafungwa, ili Jumatatu mkute ukuta. Ukiona mchanga umemwagwa pasipo na mradi, piga picha na uripoti jioni hiyo hiyo. Kinga kubwa zaidi ni watoto wenyewe. Panga ratiba na makocha wa timu za mtaa, akina dada wapewe saa zao, wazee wawe na kivuli cha kukalia. Mnyakuzi akija, mtaa mzima utakupigia simu kabla hujajua.

Ndani ya bustani, heshimu anayepumzika. Yule aliyelala nyasini saa nne asubuhi huenda ni bawabu aliyekesha kazini. Hajavunja sheria, kwa hiyo usimwamshe kwa rungu. Bustani ya mjini ni sebule ya yule ambaye chumba chake ni kimoja na watoto wako ndani. Tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, wengi wanatarajia maua na taa za kupendeza. Mimi nawasihi muanze na choo safi na mwanga wa kutosha, kwa sababu mwanamke akiogopa kupita hapo jioni, maua hayajamfaa kitu.

Miche ipandwe masika yakianza, na muwe na mpango wa maji ya Januari na Februari, vumbi linapovuma.

Kuhusu pesa, mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Bembea mpya ambazo hazimo humo zitakuwa ngumu kupata fungu. Kwa hiyo zile kumbukumbu zako zimfikie msimamizi wa wadi mapema, na wakazi wajulishwe tarehe za vikao vya ushirikishaji umma wakiwa bado na muda wa kujipanga. Kikao cha Jumatano saa nne asubuhi kitawakosa mama mboga na vijana wa boda boda. Nendeni nanyi sokoni na stejini mkawaulize.

Kila Ijumaa fungua daftari uwapigie simu wale ambao shida zao hazijaisha, hata kama huna jipya la kuwaambia. Waeleze shauri limefika ofisi gani na nani analo. Wengine watafoka. Wasikilize, na waulize kama tatizo limeongezeka tangu mlipozungumza mara ya mwisho, kwa maana mtaro ulioziba wiki jana unaweza kuwa umeshaingiza maji nyumbani kwa mtu.