Jibu: Mama mkwe hayupo tena, sadaka ya wazee nani aiandae?

Pole sana kwa msiba, dada. Umeuliza kama wewe, mgeni uliyeolewa na Mchina wa Penang, Malaysia, unaruhusiwa kuandaa meza ya sadaka ya wazee, yaani mababu waliofariki. Mbona ndiyo kazi ya wake wa wana siku zote! Mimi pia nimeolewa na Mhokkien, Mchina wa jamii ya Hokkien, na mavyaa alinikabidhi jiko kabla ya kitu kingine chochote.

Anza na Qingming, siku ya kusafisha makaburi, tarehe 4 au 5 Aprili. Palilia, futa jiwe, kisha panga kuku mzima wa kuchemsha, wali, chai, machungwa, na kile marehemu alichokipenda. Mavyaa alipenda kahawa nyeusi, basi namwekea kikombe. Kila mmoja awashe vijiti vitatu vya ubani. Angalizo: usisimamishe vijiti vya kulia ndani ya wali, ni mkosi.

Sasa utajuaje wameshashiba? Chukua sarafu mbili, uliza, rusha. Moja ikilala kichwa na nyingine mwenge, wamemaliza. Zikifanana, subiri kidogo, ongeza chai, rusha tena. Mwaka jana nilirusha mara sita huku watoto wanamkodolea macho yule kuku! Zikikubali ndipo mnachoma pesa bandia za karatasi, halafu chakula mnakula wenyewe.

Jivu la chetezo usilimwage lote. Mkihamia nyumba nyingine, chota kidogo mwende nalo.

Wifi zako wapo? Waulize majina ya mababu mapema, mavyaa wangu alikuwa nayo kichwani tu.