Riwaya kuwa filamu: acheni kuhesabu vilivyokatwa, fuatilieni sababu

Mleta mada ameweka hoja mbili. Ya kwanza, filamu inayokata nusu ya kitabu haistahili kubeba jina la kitabu hicho. Ya pili, tamthilia ya vipindi kadhaa vya televisheni lazima iwe aminifu kuliko filamu ya saa mbili, kwa kuwa ina nafasi ya kuweka kila kitu. Hoja ya kwanza ina ukweli kidogo. Ya pili inapotosha kabisa, na nitaonyesha kwa mifano ambayo yeyote anaweza kuikagua mwenyewe, kitabu mkononi na rimoti pembeni.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayopunguza kelele. Ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa kitaalamu hukadiriwa kuwa dakika moja kwenye skrini, kwa hiyo filamu ya saa mbili ni kurasa 120 zenye weupe mwingi. Riwaya ya maneno 120,000 ikisomwa kwa sauti, kwa mwendo wa maneno kama 9,000 kwa saa, inakula zaidi ya saa 13. Kweli kamera humaliza ukurasa mzima wa maelezo ya sebule kwa sekunde tatu, lakini mazungumzo hayabaniki hivyo. Mtu huongea kwa kasi ileile kitabuni na kwenye skrini. Mwongozaji Erich von Stroheim aliikaidi hesabu hii alipoigeuza riwaya ya Frank Norris, McTeague, kuwa filamu ya Greed. Toleo lake la awali lilizidi saa nane. Studio ikalishukia kwa mkasi, na kilichowafikia watazamaji mwaka 1924 ni kama saa mbili na dakika ishirini. Kwa hiyo kukata ni sehemu ya kazi yenyewe, kama fundi cherehani na kitambaa. Cha kuuliza ni mkasi umepita wapi.

Kipimo ninachokitumia ni hiki: kwa nini mhusika alitenda alichotenda, na sisi tulijua nini wakati anatenda? Filamu ikivilinda hivyo viwili, inaweza kutupa sura ishirini na kitabu kikabaki kizima. Ikivigusa, hata kama matukio yote yapo, umepewa kitabu kingine chenye jalada lilelile.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Rebecca. Riwaya ya Daphne du Maurier ilitoka 1938, filamu ya Alfred Hitchcock ikafuata 1940. Mtayarishaji David O. Selznick alikuwa mkali kwenye suala hili. Muhtasari wa mwanzo aliopelekewa aliukataa kwa kuwa ulikuwa umekiacha kitabu mbali. Na ukiikagua filamu utakuta imeheshimu hata vitu vinavyomtoa mwandishi wa skripti jasho. Mke wa pili wa Maxim, ambaye ndiye tunayemfuata, hana jina mwanzo hadi mwisho, kama kitabuni. Rebecca, mke wa kwanza aliyekwisha kufa kabla hadithi haijaanza, hatuioni sura yake hata mara moja.

Tazama onyesho la kibanda cha ufukweni, pale Maxim anapomsimulia mke mpya usiku aliokufa Rebecca. Mwongozaji mwingine angekimbilia mbinu rejeshi, akamleta mwigizaji wa kike avae gauni na kucheka. Hitchcock hakuleta mtu. Maxim anasimulia, na kamera inatembea kwenye chumba kitupu ikifuata mahali alipokuwa marehemu: hapa alikuwa kwenye kochi, hapa ameinuka, hapa anasogea. Tunaangalia hewa, na ile hewa ina mtu ndani yake. Kwa ufundi wa kuhamisha karatasi kwenda kwenye picha, sijui onyesho lingine la enzi ile linalolishinda.

Sasa acha picha, sikiliza maneno. Kitabuni Maxim anakiri kwamba alimpiga Rebecca risasi. Kwenye filamu anasema Rebecca alijikwaa, akaanguka, akagonga kichwa kwenye chuma cha vifaa vya mashua. Badiliko hilo lina historia yake. Hollywood ilikuwa na kanuni za maadili zilizosimamiwa kwa ukali kuanzia 1934 hadi zilipoondolewa 1968, na mume aliyeua mkewe hakuweza kumaliza filamu akiwa huru bila adhabu. Basi risasi ikageuzwa ajali.

Kinachofuata kimebaki vilevile: maiti inatiwa kwenye mashua, mashua inazamishwa, uchunguzi, daktari wa London, nyumba kuungua. Ukikaa na orodha ya matukio utaipa filamu alama tisini. Lakini kitabuni, msichana yule mpole anaambiwa mumewe ni muuaji na kinachomjia kwanza ni nafuu, kwa sababu ameelewa kuwa Maxim hakumpenda Rebecca. Kuanzia hapo anaificha siri ya mauaji kwa moyo mkunjufu, na sisi tuliomwonea huruma tangu ukurasa wa kwanza tunajikuta upande wa muuaji. Huo ndio mtego wa riwaya nzima. Kwenye filamu anaficha ajali, na mtazamaji anatoka na mikono safi. Neno moja limebadilishwa na mtego umeteguliwa.

Frankenstein ni kesi ya aina hiyohiyo, ila imefanywa kwa mkono mzito. Kwenye riwaya ya Mary Shelley ya 1818, kiumbe anajifunza lugha kwa kuchungulia familia moja, anasoma vitabu, anajieleza kwa ufasaha kuliko aliyemuumba. Anakuwa muuaji baada ya kukataliwa na kila aliyemwona. Filamu ya James Whale ya 1931 inamnyima kauli, halafu inaingiza msaidizi anayeitwa Fritz, ambaye kitabuni hayupo. Fritz anaangusha chupa ya ubongo mzuri na kubeba ule wa mhalifu. Mambo yameisha hapo. Ukatili uliokuwa matokeo ya jinsi watu walivyomtenda umekuwa kasoro ya kiungo alichowekewa, na hatia ya muumbaji imebaki uzembe wa msaidizi wa maabara.

Kitabuni kiumbe anamwokoa msichana asizame mtoni na malipo yake ni risasi. Kwenye filamu anamtupa mtoto ziwani, maua ya kuelea yalipoisha, kwa kudhani naye ataelea. Cha kushangaza, Whale huyohuyo alipotengeneza mwendelezo, Bride of Frankenstein, mwaka 1935 alirudisha uokoaji, risasi, mzee kipofu, na hata maneno machache mdomoni mwa kiumbe. Kwa hiyo mwendelezo, ambao kwa jina ndio uko mbali zaidi na kitabu, umerudi karibu nacho kwenye sababu. Anayepima kwa rula ya kurasa hatauona ukaribu huo.

Mkuu mmoja hapo juu ameitetea Wuthering Heights ya 1939, kwamba William Wyler alikata nusu ya pili na filamu ikabaki nzuri. Nzuri ni nzuri, sibishi. Ila hapa ndipo ninapompa mleta mada haki yake kidogo. Riwaya ya Emily Brontë ina sura 34, na filamu inaishia takribani katikati. Watoto wote wa kizazi cha pili wameondoka, na hao watoto ndio mahali Heathcliff, mhusika mkuu, anapolipizia kisasi. Hareton ananyimwa elimu kama Heathcliff alivyonyimwa na baba wa Hareton. Catherine mdogo analazimishwa kuolewa na mtoto mgonjwa wa Heathcliff ili mali ihame. Ukiondoa hayo, ukatili unabaki bila wa kuupokea, na mtu wa kutisha anageuka mpenzi aliyevunjika moyo. Kwa hiyo kukata kunaweza kuharibu, ila ni pale kinachokatwa kinapokuwa matokeo ya tendo lililobakizwa. Filamu ya David Lean ya 1946 kutoka Great Expectations ya Charles Dickens ilimtupa Orlick, mhusika mzima, na anayemkumbuka ni nadra, kwa sababu habari ya Pip na pesa asizojua zinatoka kwa nani inasimama bila yeye.

Twende kwenye tamthilia ndefu. Pride and Prejudice ya BBC, 1995, ina vipindi sita, na wengi hapa wanaitaja kama kipimo cha uaminifu. Matukio imeyashika kwelikweli. Lakini kitabu cha Jane Austen cha 1813 kina sura 61, na katika sehemu kubwa ya sura hizo tunajua anachojua mhusika mkuu, Elizabeth, tu. Darcy, mwanamume anayempenda, ukiacha vidokezo vichache vya msimulizi, kwetu ni mtu wa kuonekana akiingia na kutoka, mpaka barua yake ya sura ya 35. Tukimdhania vibaya, tumedhania pamoja na Elizabeth, na aibu yake inapokuja ni yetu pia. Tamthilia inatupeleka kwa Darcy akiwa peke yake: yuko kwenye maji ya kuoga, yuko kwenye mazoezi ya upanga, halafu lile onyesho maarufu la ziwani ambalo Austen hakuliandika. Mtazamaji anajua mapema kwamba jamaa anateseka, kwa hiyo anakaa anamsubiri Elizabeth agundue. Kitabuni hakukuwa na kusubiri, kulikuwa na kukosea.

Hata sentensi ya kufungulia riwaya, ile ya mwanamume mwenye mali kuhitaji mke, kitabuni ni ya msimulizi na kejeli yake inaenea kwa wote. Tamthilia imempa Elizabeth aiseme, ikawa utani wa binti mwenye akili. Saa tano na zaidi za nafasi, na vitu viwili muhimu vimehama. Nafasi haikusaidia; pengine ndiyo iliyoshawishi, kwa sababu muda mrefu unadai kujazwa.

Kwa anayetaka kufanya ulinganisho wa maana, kwanza hakikisha una kitabu gani. Makosa mengi ya mabishano haya yanatoka hapa. Matoleo yaliyofupishwa kwa ajili ya shule hayafai, na tafsiri za zamani mara nyingi zimepunguzwa bila kutangazwa. A Clockwork Orange, riwaya ya Anthony Burgess, ilitoka Uingereza 1962 ikiwa na sura 21, lakini toleo la Marekani liliishia sura ya 20, na filamu ya Stanley Kubrick ya 1971 inaishia ilipoishia ya Marekani. Anayemshutumu Kubrick kwa kubuni mwisho wake na anayemtetea wanaweza kuwa wameshika vitabu viwili tofauti. Great Expectations ina tatizo la namna hiyo: Dickens aliandika mwisho ambamo Pip na Estella wanaachana, kisha akaubadilisha kabla haujachapwa kwa ushauri wa mwandishi mwenzake, Bulwer-Lytton. Lean alitengeneza wa tatu, Pip akirarua mapazia ili mwanga uingie. Ulipotaka awe mwaminifu, ulikusudia kwa mwisho upi?

Halafu hakikisha unaangalia filamu ipi: iliyokatwa kwa ajili ya televisheni, ya mwongozaji, au ya majumba ya sinema.

Ukishatulia hapo, soma kitabu kwanza na uandike kwa mstari mmoja tendo kuu la kila mhusika mkubwa, pembeni yake sababu, na ukurasa ambao msomaji aliijua sababu hiyo. Karatasi moja inatosha. Usiandike mandhari, mavazi wala rangi ya nywele; hivyo vitakupotezea jioni nzima. Kisha tazama filamu na ujaze safu ya pili. Tendo lipo? Sababu ni ileile? Tumeijua wakati uleule? Safu ya sababu ikitofautiana, jiulize nani aliisukuma: udhibiti, bajeti, au mtazamo wa mwongozaji. Majibu hayo yana uzito tofauti. Kumlaumu Hitchcock kwa ajali ya Rebecca ni kumlaumu asiye na chaguo.

Usisahau mpangilio, maana unaweza kubadilisha sababu bila kubadilisha tukio lolote. The Grapes of Wrath ya John Steinbeck ilitoka 1939 na filamu ya John Ford 1940. Kitabuni familia ya Joad inapita kwanza kwenye kambi nzuri ya serikali, kisha inaangukia shamba la pichi kwenye mgomo na mauaji, kisha mafuriko na ghala lenye mtu anayekufa njaa. Ford alitanguliza shamba, akaiweka kambi baadaye. Vituo ni vilevile, lakini safari iliyokuwa inashuka sasa inapanda, na mama anamaliza kwa maneno ya matumaini.

Mwisho, kuna swali kama kutumia sauti ya msimulizi kwenye filamu ni uvivu. Inakuwa uvivu inapotueleza tusichoonyeshwa kwa sababu mwandishi wa skripti ameshindwa. Ila Robert Bresson, kwenye filamu yake ya 1951 kutoka riwaya ya Georges Bernanos ya shajara ya padri wa kijijini, alifanya kinyume cha ushauri wote. Padri anaandika, tunaona mkono na daftari, tunasikia maneno anayoandika, kisha tunaonyeshwa tukio ambalo tayari tumelisikia. Mara mbili, au tatu, kitu kilekile. Kwenye karatasi ya skripti hilo linaonekana kosa la mwanafunzi. Kwenye skrini unagundua kwamba kitabu hakikuwa kinasimulia maisha ya padri, kilikuwa kinamwonyesha akiyaandika, na Bresson ndicho alichopiga picha.