Ruzuku ya shule ndogo: hakuna aliyeikata, na msiongeze majina

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi katika kijiji kilicho mbali na mji wa Liwale. Tuna wanafunzi 140 na tunapokea ruzuku ya shilingi 70,000 kwa mwezi. Wazazi wanaamini kuwa kuna mtu anakata sehemu ya fedha. Mshauri mmoja anatutaka tuongeze majina kwenye takwimu, na anaahidi kutuandikia andiko la kuomba ufadhili tukimlipa kwanza. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu mjumbe, hakuna aliyekata. Katika shilingi 10,000 zinazotengwa kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, 4,000 hubaki Serikali Kuu kwa ajili ya vitabu na 6,000 huingia kwenye akaunti ya shule, yaani 500 kwa mwezi. Zidisha kwa 140, utapata 70,000 zilezile. Ibandikeni hesabu hiyo kwenye ubao wa matangazo, mwalimu mkuu aache kutuhumiwa bure.

Linalonisikitisha zaidi, nalo nalisikia kila mara kuanzia Nanyumbu hadi Kilwa, ni imani kwamba kugawa sawa kwa kila kichwa ndiyo haki. Shule ya Mtwara mjini yenye wanafunzi 1,200 hupata 600,000 kwa mwezi kwa kanuni hiyohiyo, na benki iko jirani. Ninyi pia mna darasa la kwanza hadi la saba, mna mitihani ya kuchapisha na hesabu za kufunga, na mwalimu mkuu akipanda bodaboda kwenda benki wakati wa masika, nauli inamega fungu hilohilo la chaki. Gharama hizo hazipungui kwa sababu watoto ni wachache. Kwa hiyo wanaodai kiwango kipandishwe tu, ingawa ni kweli kwamba shilingi 10,000 ni kiwango cha enzi za MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002, hawajagusa kiini cha tatizo: 500 ikiwa 1,000, ninyi mtaongezewa 70,000 na wenzenu wa mjini 600,000.

Kinachohitajika ni fungu la msingi kwa kila shule, lisilotegemea idadi ya wanafunzi, kisha nyongeza kwa umbali. Si jambo geni: posho ya madaraka ya mwalimu mkuu, shilingi 200,000 kwa mwezi, haiangalii ukubwa wa shule. Ingizeni gharama za usafiri katika mpango wa shule, mzipitishe kwenye kamati ya maendeleo ya kata, na diwani wenu azidai katika bajeti ya halmashauri, ambayo hukusanya ushuru wa korosho na ufuta wenu.

Kuhusu majina ya nyongeza, huo ni udanganyifu, na atakayejibu ni mwalimu mkuu, si mshauri huyo. Uhakiki wa wanafunzi hewa wa mwaka 2016 uliwavua madaraka walimu wakuu. Tena takwimu hizohizo ndizo zinazopangia walimu na madawati, kwa hiyo shule inayodanganya inaharibu mipango ya wilaya nzima.

Nawaonya pia wanakamati wote wa Lindi na Mtwara dhidi ya waandishi wa maandiko wanaozunguka vijijini msimu wa korosho, fedha zinapokuwa mikononi mwa watu. Anayedai malipo kabla ya kuwaonyesha jina la mfadhili, masharti yake na tarehe ya mwisho ya maombi hana ufadhili wowote. Msimlipe, na msimwachie muhuri wa shule.