Yaya wa nne hatakuletea usingizi

SWALI: Nina mtoto wa miezi miwili, kifungua mimba, na tunaishi Kasarani. Tangu nijifungue nimeachana na yaya watatu. Wa kwanza alimbeba mtoto vibaya, wa pili hakubanduka kwa simu, wa tatu sikumwamini tu. Usiku mtoto akilala mimi silali. Naamka kila mara kumwekea mkono kifuani nione kama anapumua. Nalia ovyo. Likizo inaisha mwezi ujao. Kuna ajenti anayesema ana yaya “aliyefunzwa kushughulikia akina mama wenye mfadhaiko”, ada yake elfu kumi, mshahara kando. Mume wangu yuko tayari kulipa. Tumchukue?

JIBU: Usilipe, mama. Mimi ni nesi wa afya ya akili, na kazi hiyo husomewa miaka. Haifundishwi ofisini kwa ajenti pamoja na kuosha chupa za maziwa. Huyo ameona mahali penye uchungu akapafanya duka.

Yaya watatu hawakunishtua. Nilishtuka kusoma habari ya ule mkono kifuani. Kukosa usingizi kwa sababu mtoto analia ni mambo ya uzazi. Kukesha huku mtoto amelala fofofo, wiki ya nane sasa, ni jambo la kupimwa, huenda ni ugonjwa wa mfadhaiko wa baada ya kujifungua, kwa sababu kile kilio cha mama cha siku za kwanza huisha chenyewe ndani ya wiki mbili hivi.

Sasa nije kwa linalonichosha. Kila mara naona familia iliyokata shauri kwamba dawa ya mama ni kupata yaya mzuri. Yaya anakuja, anakabidhiwa mtoto, mama anasukumwa chumbani “apumzike”. Mwezi unapita. Bado halali, na sasa anaketi kitandani akimsikia mtoto akicheka na yaya sebuleni, akijiambia kwamba hata mtoto hamhitaji. Halafu mama mkwe anasema: tumemfanyia kila kitu, huu ni uvivu. Yaya hupunguza kazi. Ugonjwa haugusi. Na wasiwasi wa ugonjwa huu humfanya kila mgeni aonekane hatari, kwa hivyo hata huyo wa nne ungemfukuza kabla ya mwisho wa mwezi.

Ukimpeleka mtoto chanjo ya wiki ya 10, mwambie nesi unataka kupimwa wewe. Kuna maswali 10 ya Edinburgh ya kupima mfadhaiko huo, yanayotumika tangu 1987, yanauliza ulivyojisikia siku saba zilizopita. Ni dakika chache tu. Omba pia wapime damu na tezi ya shingo, maana upungufu wa damu au tezi iliyovurugika baada ya uzazi huleta uchovu na wasiwasi unaofanana na huu. Ukiandikiwa dawa, usikimbilie kumwachisha mtoto ziwa. Sertraline, kwa mfano, ambayo ni dawa ya mfadhaiko, huingia kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana, na akina mama wengi huitumia wakinyonyesha. Mwambie daktari tu kwamba unanyonyesha.

Kwa sasa mwite mtu uliyemwamini kabla ya ujauzito: mama yako, dada, binamu. Ashike zamu ya usiku saa tano mfululizo, na maziwa uliyokamua. Yaya aje mchana ukiwa nyumbani, afue, apike. Mtoto abaki mikononi mwako. Yaya awe ametimiza miaka 18, na mwajiri wake wa zamani umpigie wewe mwenyewe, kwa nambari uliyoitafuta, si ile ya ajenti. Aanze wiki mbili kabla hujarudi kazini.

Na hili ni la kila mama anayesoma. Usinunue vidonge vya usingizi kwa kemisti bila kuandikiwa. Diazepam, mojawapo ya vidonge hivyo, hupita kwenye maziwa, na mtoto hulegea hata kunyonya kukamshinda. Mwulize yaya waziwazi kuhusu Piriton, dawa ya mzio inayoleta usingizi, pia, kwa sababu wako wanaowanywesha watoto ili walale, na mtoto mchanga anaweza kushindwa kupumua. Wauza mitishamba ya “kusafisha damu ya uzazi” sina subira nao kabisa.

Mama akianza kusikia sauti, akisema mtoto amebadilishwa, au akikesha siku mbili bila kuhisi uchovu, asiachwe peke yake na mtoto, wala asiachiwe yaya. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mathari, hospitali ya afya ya akili pale Thika Road, wanapokea. Akiwaza kujiua, aseme. Wengi hunyamaza wakiogopa polisi, ilhali Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Usiku wa manane asipopata wa kuongea naye, 1199 ya Msalaba Mwekundu haitozwi.