Kipilefti chini ya bahari: maji hayaingii?

Ndugu uliyeuliza kama picha ya kipilefti chini ya bahari ni ya kweli, na mbona maji hayaingii: picha ni ya kweli. Ni Visiwa vya Faroe, huko Atlantiki ya Kaskazini, kwenye handaki la Eysturoy, lililofunguliwa Desemba 2020. Lina urefu wa kilomita 11 na ushee, na kutoka mji mkuu Tórshavn hadi Runavík safari ya saa nzima imekuwa ya kama robo saa.

Kuhusu maji: watu wengi hudhani ni bomba lililolazwa baharini. Hapana. Wamepasua mwamba ulio chini kabisa ya sakafu ya bahari, kwa kutoboa na kulipua kwa baruti, hatua kwa hatua. Sehemu ya chini zaidi iko mita 187 chini ya usawa wa bahari. Kabla ya kulipua hutoboa matundu marefu mbele. Wakikuta nyufa zinazovuja, husukuma saruji ndani kwa nguvu mpaka zizibe. Hata hivyo maji kidogo hupenya, ndiyo maana kuna pampu zinazoyatoa. Mwamba mkavu kabisa haupo!

Kipilefti chenyewe kipo kwa sababu njia inagawanyika: upande mmoja Tórshavn, na njia mbili za ng'ambo kwenye kisiwa cha Eysturoy, kila moja ikitokea kwenye ukingo wake wa ghuba ya huko. Katikati wameacha nguzo ya mwamba yenye taa za rangi.

Bure si bure, unalipa ushuru kila ukipita. Lakini mahandaki yana faida: wenyeji wa Sandoy, kisiwa kingine cha hukohuko, waliotegemea feri hadi handaki lao lilipofunguliwa Desemba 2023, sasa dhoruba haiwafungii tena kisiwani.