Umemaliza Timeless na hutaki kumuaga Alexia? Fuata mpangilio huu

Pole sana, ndugu. Kumaliza riwaya zote 5 zinazomhusu Alexia Tarabotti, mwanamke asiye na roho anayeishi kati ya wanyonya damu, kuanzia Soulless (2009) hadi Timeless (2012), kisha ukose hamu ya kushika kingine, ni uchungu halali. Ila mwandishi wake, Gail Carriger, hajaufunga ulimwengu ule.

Usirukie Prudence (2015), kitabu cha kwanza cha mfululizo wa Custard Protocol, ingawa anayesimuliwa humo ni binti wa Alexia. Wengi hukosea hapo. Anza na mfululizo wa Finishing School, vitabu 4 vya 2013 hadi 2015, vinavyorudi nyuma zaidi ya miaka 20, kwenye shule ya wasichana wapelelezi inayoelea angani. Humo utamkuta Vieve, mtoto anayevaa nguo za kiume na kuunda mitambo. Ndiye Madame Lefoux, yule mvumbuzi unayemjua kutoka vitabu vya Alexia. Ukiijua shule hiyo kwanza, Custard Protocol, nayo vitabu 4, itakugusa zaidi, maana wahusika wa zamani wa shule hiyo hujitokeza tena. Kituo cha mwisho ni Reticence (2019). Novela ya Romancing the Werewolf isubiri hadi umalize Imprudence, kitabu cha pili cha Custard Protocol, la sivyo itakufichulia mambo.

Kabla ya yote, rudia sura ya kwanza ya Soulless, polepole. Mnyonya damu anamvamia Alexia maktabani bila hata kutambulishwa, lakini anapomgusa, meno makali ya mnyonya damu huyo yanatoweka, kwa kuwa mguso wa asiye na roho huondoa nguvu zake. Ucheshi wote umebebwa na adabu: Alexia anakereka zaidi na utovu wa heshima kuliko na hatari ya kung'atwa. Ukishaliona hilo, utalitambua kila ukurasa wa vitabu vinavyofuata.