Muulize Mzee wa Yadi: Burrow, Vince Young na kesi ya baba na mwana

Msimu wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo ukikaribia, kila nyumba ya Mswahili aliyezaa Marekani huwa na kesi, na kesi zenyewe zinaletwa kwangu kana kwamba mimi ni kadhi. Safari hii nimechagua barua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nilivyoruhusiwa na mhariri, atanisamehe.

SWALI: Shikamoo Mzee wa Yadi. Mimi ni mtu wa Tanga, nipo Columbus, Ohio, tangu 2004. Kijana wangu wa miaka 17 anashikilia kwamba hajapata kutokea kwotabeki wa chuo kama Joe Burrow wa LSU, chuo cha Louisiana, mwaka 2019. Mimi nasema ni Vince Young wa Texas, ambaye nilimwona akija hapa mjini kwetu Septemba 2005 akaifunga Ohio State 25 kwa 22, mji mzima ukalala mapema. Kijana akanitolea simu: tachidauni za pasi, yaani mabao yanayotokana na kurusha mpira, 60 za Burrow kwa 26 za Young. Nilikosa la kusema nikamwambia akalale, na kesho yake ilikuwa Jumapili. Nani mkweli? (Baba Aliyeshindwa, Columbus)

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kosa lako ni kumwachia kijana achague mizani. Ukishamruhusu muuzaji aje na mizani yake, usishangae kilo yako ikiwa pungufu.

Kwa wasomaji wa nyumbani ambao mchezo huu bado unawachanganya: kwotabeki ndiye anayepewa mpira mwanzoni mwa kila shambulizi. Ataurusha, atampa mwenzake akimbie nao, au atakimbia nao mwenyewe. Kila kitu kinapitia mikononi mwake, ndiyo maana sifa zote anabeba yeye, na lawama zote pia.

Sasa tuziangalie hizo namba za kijana, maana hazidanganyi. Burrow mwaka 2019 alirusha pasi 527, zikadakwa na wenzake 402, zikazaa yadi 5,671 na tachidauni 60. Ni pasi sita tu zilizonaswa na wapinzani. LSU walicheza mechi 15 wakashinda zote. Nusu fainali dhidi ya Oklahoma alirusha tachidauni saba kabla ya mapumziko. Kabla ya mapumziko, baba! Kuna makwotabeki wazima wanaomaliza msimu hawajazifikisha.

Vyuo vina kanuni yao ya kumpa mrushaji alama. Nimekaa nayo jikoni na penseli, nyuma ya risiti ya umeme, ufanye na wewe: zidisha yadi kwa 8.4, tachidauni kwa 330, pasi zilizodakwa kwa 100. Jumlisha. Toa pasi zilizonaswa mara 200. Kinachobaki kigawe kwa pasi zote alizorusha. Burrow anapata 202 kasoro chembe. Young wa 2005, kwa pasi 325, zilizodakwa 212, yadi 3,036, tachidauni 26 na zilizonaswa 10, anaishia karibu na 164. Mwanao kakupiga kwa mbali.

Lakini irudie hiyo kanuni polepole. Umeona mguu popote? Hakuna. Ni kanuni ya mkono mtupu. Mwaka huohuo Young alikimbia yadi 1,050 na kuingia mwenyewe na mpira mara 12, na kwenye risiti yangu yadi hizo zote ni sifuri. Ni sawa na kumpima mpishi wa pilau kwa kachumbari.

Halafu muulize kijana swali hili, umwangalie usoni: Burrow wa 2018 alikuwa nani? Alikuwa huyuhuyu, LSU hiyohiyo, jezi namba 9 ileile. Alirusha tachidauni 16. Mwaka uliofuata, 60. Je, mkono ulirefuka? Kilichobadilika ni kwamba chuo kilimleta kocha kijana, Joe Brady, kutoka timu ya kulipwa ya New Orleans Saints, na mpango wa mashambulizi ukageuzwa: wadakaji wanatandazwa uwanja mzima, mpira unatoka mkononi haraka. Na wadakaji wenyewe walikuwa Ja'Marr Chase na Justin Jefferson, ambao leo ukitaka kuwaona unalipia tiketi ya NFL, ligi ya kulipwa. Simpunguzii Burrow kitu. Pasi zake nyingi za mwaka ule zilitua mahali ambapo ni mdakaji tu angeweza kufika. Ila 60 ile ni namba ya nyumba nzima, si ya mwenye nyumba peke yake.

Na ukitaka kumvuruga kabisa, mtajie Tommie Frazier wa Nebraska. Ubingwa wa taifa msimu wa 1994, tena wa 1995. Kwenye fainali ya Januari 1996 pale Arizona waliichapa Florida 62 kwa 24, Frazier akikimbia yadi 199. Moja ya mbio hizo ilikuwa ya yadi 75: watu wa Florida walimshika mmoja baada ya mwingine, wakabaki na hewa. Sasa katafute hizo yadi 199 kwenye takwimu zake za msimu huo, hutazikuta, kwa sababu hadi mwaka 2002 mechi za bowl, zile za baada ya msimu, hazikuingizwa kwenye hesabu rasmi. Burrow mechi zake zote 15 zimeingia. Tena Nebraska ile haikuwa timu ya kurusha. Kazi ya Frazier ilikuwa kukimbia pembeni na mpira mkononi, anamtazama mlinzi mmoja tu: akimfuata yeye, anautupia kwa mwenzake, akimfuata mwenzake, anakata ndani. Ukimpima kwa pasi utasema huyu alikuwa mtu wa akiba. Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka ule alipewa mwingine, tena wa hapohapo Ohio State kwenu, Eddie George, na NFL haikumchagua Frazier kabisa.

Nami sasa niseme ya moyoni. Januari 2006 nilikuwa dereva wa teksi Houston, nasubiri zamu uwanja wa ndege. Chumba cha madereva kilikuwa na runinga ndogo juu ya mashine ya soda, rangi zake zimegeuka kijani. Tulikuwa Wahabeshi, Wanaijeria, Wapakistani, na Waswahili wawili, mimi na jamaa wa Bujumbura. Nusu yetu hatukuzijua sheria. Lakini Young ni mtoto wa Houston, na mama aliyekuwa akiita namba za magari kwenye spika alikuwa ametuapia kwamba usiku ule hakuna atakayepanda ndege.

Ilikuwa fainali ya ubingwa, Texas ya Young dhidi ya USC, waliokuwa wameshinda mechi 34 mfululizo. Zilipobaki dakika kama saba, wanaongoza 38 kwa 26. Young akaingia na mpira mwenyewe, ikawa 33. USC wakapata mpira, wakafika jaribio la nne, la mwisho kabla ya kuupoteza mpira, wanahitaji yadi mbili tu wamalize kazi. Wakajaribu kupita katikati, wakazuiwa, huku Reggie Bush, mwenye Heisman ya mwaka ule, kasimama nje ya mstari anatazama. Zimebaki dakika mbili na sekunde tisa. Mpira ni wa Texas, yadi 56 mbele.

Ikafika jaribio la nne kwa Texas: yadi nane kutoka mstari wa goli, wanahitaji tano waendelee kuishi. Spika iliita gari namba fulani mara moja, ikanyamaza. Young alirudi nyuma, akatazama kushoto, hakuna mtu, akageuka kulia akaanza kukimbia. Si kukimbia kwa mtu aliyekimbizwa. Alikimbia kama mtu anayewahi mlango anaoujua. Akaingia pembeni kabisa ya uwanja, sekunde 19 zimebaki. Matokeo 41 kwa 38. Jamaa wa Bujumbura alinikumbatia, kahawa yangu yote ikaishia kifuani kwangu. Nje foleni ya teksi ilikuwa imekatika. Abiria wamejipanga, madereva hakuna.

Usiku ule Young alirusha yadi 267 na kukimbia 200. Kwa hiyo hukumu yangu ni hii, uipeleke nyumbani: msimu bora ni wa Burrow, na kijana apewe haki yake mbele ya mama yake. Usiku bora ni wa Young. Na ukiniambia nichague mmoja anichezee dakika mbili za mwisho na roho yangu iko rehani, sitafungua simu kutafuta namba.

Jambo moja la pembeni, uwatanie jirani zako. Huyo Burrow alikuwa hapohapo mjini kwenu miaka mitatu, amekaa benchi la Ohio State, akachukua digrii yake, ndipo akaenda Louisiana. Kwa kuwa alishahitimu, aliruhusiwa kucheza mara moja. Zamani mchezaji akihama bila digrii alikaa nje mwaka mzima; tangu 2021 sharti hilo limelegezwa, na tangu Julai mwaka huohuo anaweza pia kulipwa kwa jina na sura yake. Ukimlinganisha kwotabeki wa sasa na wa miaka ya 90, kumbuka wa sasa anaweza kuchagua kocha na wadakaji kama mtu anayechagua nyumba ya kupanga. Frazier alikaa Nebraska miaka yake yote.

SWALI: Mzee, mimi nafuatilia NFL usiku wa manane hapa Dar es Salaam. Rafiki yangu kaniambia Peyton Manning hakuwahi kupata Heisman akiwa chuo. Inawezekana kweli? Kwani mkubwa hakuwa mkubwa tangu mwanzo? (Popo wa Sinza)

JIBU: Rafiki yako kasema kweli. Mwaka 1997 Heisman ilikwenda kwa Charles Woodson wa Michigan, tena mlinzi. Watu wa Tennessee, chuo cha Manning, bado hawajapoa. Lakini kidonda kikubwa zaidi ni hiki: Manning katika miaka yake yote hakuwahi kuifunga Florida. Akaondoka kwenda NFL, namba ikachukuliwa na kijana ambaye wengi hawakumtarajia makubwa, Tee Martin. Mwaka wa kwanza tu, 1998, Martin akaifunga Florida 20 kwa 17 katika muda wa nyongeza, akashinda mechi zote 13, akachukua ubingwa wa taifa. Sasa nani alikuwa kwotabeki bora wa chuo? Ukiuliza Knoxville, mji wa chuo hicho, uliza ukiwa umesimama karibu na mlango.

Na Patrick Mahomes je? Oktoba 2016 akiwa Texas Tech alirusha yadi 734 katika mechi moja. Akafungwa 66 kwa 59 na Oklahoma ya Baker Mayfield. Mayfield mwaka uliofuata akabeba Heisman, Mahomes hakuibeba kamwe. Mwenye rekodi ya yadi nyingi za pasi katika vyuo vikuu ni Case Keenum wa Houston, yadi 19,217. Mtajie jina hilo rafiki yako, uone kama anamkumbuka.

Chuo na NFL ni mitihani miwili tofauti, ndugu yangu. Huku wadakaji wanaachwa wazi kwa mita, kule kwa vidole. Vince Young niliyemsifu hapo juu hakuwa mfalme kule, na hilo halinifutii kahawa ile.

SWALI: Kaka, mwanangu ana miaka 15, anapenda nafasi ya kwotabeki, lakini kocha wa shule anasema ni mfupi mno, ana futi 5 na inchi 7. Nimwache aumie moyo au nimbadilishie mchezo? (Mama wa Minneapolis)

JIBU: Dada, mwambie kocha atafute jina la Davey O'Brien wa TCU. Futi 5 na inchi 7 hizohizo, Heisman ya 1938. Kuna tuzo ya makwotabeki inayoitwa kwa jina lake mpaka leo.

Halafu mkae na kijana mtazame mechi ya Boston College na Miami, Novemba 1984. Doug Flutie, futi 5 na inchi 10, zimebaki sekunde sita, timu yake iko nyuma 45 kwa 41. Aliutupa mpira mbali kiasi kwamba walinzi wa Miami walimwacha mdakaji Gerard Phelan awapite mgongoni, na simulizi ni kwamba hawakuamini mtu wa kimo kile angeweza kuufikisha. Aliufikisha. 47 kwa 45. Karibu zaidi na sasa kuna Kyler Murray wa Oklahoma, naye inchi 10, Heisman 2018, kisha akachaguliwa wa kwanza kabisa kwenda NFL.

Mimi ningemuuliza huyo kocha mengine: mtoto akigongwa kichwa, nani anaamua kama anarudi uwanjani, kocha mwenyewe au mtu wa afya? Walinzi wake wa mbele wana uzito gani? Hayo yananihangaisha kuliko inchi.

Na kabla hujamwambia chochote kijana, kaangalie viatu vyake vya mwaka jana. Bado vinamtosha?